Ushahidi wa Mama: Robo Karne ya Hospitali ya CURE, Mbale

Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001 mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya mlima ambao ramani huuita Elgon na wenyeji Wamasaaba huuita Masaba. Shirika la Kikristo lililoijenga lilianzishwa na daktari wa mifupa kutoka Marekani, Scott Harrison, pamoja na mkewe Sally, na hospitali yao ya kwanza ilikuwa imefunguliwa Kijabe, Kenya, mwaka 1998, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Mbale ilipewa kazi nyingine: kupasua ubongo na uti wa mgongo wa watoto wachanga, katika ukanda ambao wakati huo madaktari wa fani hiyo walihesabika kwa vidole. Daktari bingwa aliyekuja kuianzisha, Benjamin Warf, alihamia Uganda na mkewe na watoto wao sita, akakaa hadi mwaka 2006. Tangu hapo hospitali hiyo imeandikwa mara nyingi, na karibu mara zote kwa mpangilio uleule: kwanza daktari, kisha majengo na vifaa, kisha idadi ya waliotibiwa, na mwisho kabisa picha ya mama akiwa amempakata mtoto wake. Mpangilio huo unastahili kugeuzwa. Ukizifuatilia hatua kubwa ambazo Mbale imeipa tiba ya ubongo wa watoto duniani, utaona kwamba kila moja ilianzia kwenye jambo ambalo akina mama walilisema, au kwenye jinsi maisha yao yalivyo. Wao ni sehemu ya elimu yenyewe iliyopatikana pale, na sifa wanayostahili ni ya watu waliochangia ujuzi, zaidi ya sifa ya watu waliovumilia.

Ugonjwa wenyewe unajulikana kwa macho hata kabla haujapewa jina. Ndani ya ubongo kuna vyumba vidogo vyenye maji yanayotengenezwa mchana na usiku, yanayozunguka, kisha kunyonywa na kurudi katika damu. Njia ikiziba, maji hujaa. Mtu mzima mwenye fuvu lililokwisha kufunga angeweza kufa upesi, lakini fuvu la mtoto mchanga bado halijashikana, kwa hiyo linapanuka. Utosi unavimba na kukaza, mishipa ya damu inajitokeza kwenye ngozi ya kichwa, na macho yanavutwa kuelekea chini hadi weupe unaonekana juu ya mboni. Muuguzi anapozungusha futi ya kupimia kichwani, juu ya nyusi na masikio, anapata namba isiyolingana kabisa na umri. Katika lugha ya kawaida watu husema kichwa kikubwa, na mara nyingi hutaja pamoja nacho mgongo wazi, kwa kuwa mtoto anayezaliwa na uwazi katika uti wa mgongo huwa katika hatari kubwa ya kujaa maji kichwani pia. Makadirio ya wataalamu yanasema watoto zaidi ya 100,000 hupatwa na ugonjwa huu kila mwaka katika Afrika kusini mwa Sahara. Asiyetibiwa kwa kawaida hufa, na anayechelewa hubaki na uoni hafifu au akili iliyojeruhiwa, kwa sababu maji yanayosukuma fuvu kwa nje ndiyo hayohayo yanayoubana ubongo kwa ndani.

Vitabu vya udaktari ambavyo wapasuaji wa Ulaya na Marekani walivisoma vilifundisha kwamba kwa mtoto mchanga, ugonjwa huu kwa sehemu kubwa hutokana na kasoro za kuzaliwa au na damu kuvuja kwenye ubongo wa mtoto njiti. Mbale ilileta habari tofauti, nayo ililetwa na akina mama. Mmoja baada ya mwingine walieleza kwamba mtoto alizaliwa salama, na kichwa chake kilikuwa kama cha mtoto yeyote. Akanyonya. Kisha, mara nyingi kabla hajafikisha mwezi mmoja, akashikwa na homa kali, pengine na degedege, akapona au akaonekana amepona, na baada ya wiki kadhaa kofia iliyokuwa ikimtosha haikumtosha tena. Masimulizi hayo yangeweza kuachwa kama maneno ya mzazi anayetafuta pa kuliweka janga lake, lakini Mbale yaliandikwa na kuhesabiwa. Mwaka 2005 Warf alichapisha taarifa ya watoto 300 waliotibiwa pale: takriban asilimia 60 walikuwa wamepata ugonjwa baada ya maambukizi ya ubongo. Kigezo kimojawapo kilichotumika kuwatenga watoto hao ni kwamba hapakuwa na dalili wakati wa kuzaliwa, na kwamba homa au degedege ilitangulia kukua kwa kichwa. Kwa kuwa wengi wa watoto hao hawakuwa na cheti cha kliniki kinachoonyesha mzingo wa kichwa wiki baada ya wiki, aliyebeba ushahidi huo alikuwa mama aliyemwogesha na kumvisha kila siku.

Mtu anayejali usahihi wa sayansi atauliza kama kumbukumbu ya mzazi inatosha kujengea hoja ya kitabibu. Homa za watoto ni nyingi vijijini, na mzazi mwenye uchungu huweza kuunganisha mambo yasiyohusiana. Pingamizi hili lina uzito. Lakini katika upasuaji wa Mbale kamera nyembamba huingizwa ndani ya vyumba vya ubongo, na daktari huona kwa macho yake kilichomo: makovu, utando uliogawa vyumba, rangi ya uchafu uliobaki ukutani baada ya usaha kukauka. Alama hizo nazo zilikuwa miongoni mwa vigezo, zikasimama upande wa simulizi la mama. Utafiti ulioongozwa na Steven Schiff, uliochapishwa mwaka 2012, ulichukua makazi ya familia na majira ya ugonjwa ukayalinganisha na mvua, ukakuta kwamba visa hufuata vipindi vya mvua ya wastani. Mwaka 2020 kundi hilohilo la watafiti, wakiwemo Waganda wa Mbale, lilichapisha matokeo ya kuchunguza maji ya ubongo ya watoto 100, na kwa wale ambao ugonjwa wao ulitokana na maambukizi likakuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye hakuna aliyemtarajia, na ambaye njia za kawaida za kuotesha vijidudu maabara zilikuwa zikimkosa. Kwa hiyo ilichukua karibu miaka 20, pamoja na mashine za kusoma vinasaba, kufika mahali ambapo akina mama walikuwa wameelekeza tangu mwanzo. Kumbukumbu yao ilijaribiwa kwa vipimo vikali kuliko vile ambavyo kumbukumbu nyingi za madaktari huwahi kupitia, na ikasimama.

Jambo la pili ni safari. Tiba iliyozoeleka kwa ugonjwa huu ni mrija wenye vali, unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili maji yashuke huko. Hospitali ilianza nao, na hata hapo ilikataa kudhani kwamba kilicho ghali ndicho bora. Katika utafiti wa watoto 195, mrija wa Chhabra uliotengenezwa India kwa takriban dola 35 ulilinganishwa na wa kampuni ya Kimarekani wa takriban dola 650, na baada ya mwaka mmoja matokeo hayakutofautiana. Lakini mrija wowote ule una kasoro moja kubwa: huziba, hukatika au hushika uchafu. Hata katika nchi tajiri karibu mirija minne kati ya kumi hushindwa ndani ya miaka miwili. Mtoto wa Boston ambaye mrija wake umeziba hufikishwa kwa mpasuaji siku hiyohiyo. Mtoto wa kijiji cha Karamoja, au wa ng'ambo ya mpaka, huanza kutapika usiku, na mama yake lazima atafute nauli, aache watoto wengine kwa jirani, asubiri bodaboda impeleke barabarani, kisha apande gari moja hadi jingine. Ubongo haungoji muda huo wote. Kumwekea mtoto kama huyo mrija ni kumfunga kwa maisha yake yote na kifaa kinachodai hospitali iwe karibu, wakati hospitali haiko karibu.

Kutokana na hilo ndipo Mbale ikatoa kile inachojulikana nacho duniani. Kulikuwa na upasuaji wa kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, kwa kutumia kamera, ili maji yapate njia mpya bila mrija. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja ulikuwa ukishindwa mara nyingi, na wapasuaji wengi waliuepuka. Warf aliongeza hatua nyingine katika upasuaji uleule: kuichoma tishu inayotengeneza maji hayo ili itengeneze machache. Wazo la kuishughulikia tishu hiyo lilikuwa la zamani. Walter Dandy alilijaribu Marekani mwaka 1918, na baadaye likaachwa. Katika utafiti wa watoto 550 uliochapishwa mwaka 2005, kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47, na kutoboa pamoja na kuchoma kulifaulu kwa asilimia 66. Mbinu hiyo sasa inafanywa Marekani na kwingineko, na ilichangia Warf kupata tuzo ya MacArthur mwaka 2012. Kipaji chake hakina ubishi. Ila lazima isemwe pia kwamba swali lililozaa mbinu hiyo lisingeulizwa mahali ambapo mzazi ana gari na barabara ya lami. Lilitokana na kuitazama njia ya mama kutoka kijijini kama sehemu ya ugonjwa, yenye uzito sawa na maji yaliyomo kichwani.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko lile la kwanza. Mwaka 2017 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto wachanga 100 waliougua kutokana na maambukizi, waliogawanywa kwa bahati nasibu: 51 wakapata upasuaji wa kamera, 49 wakawekewa mrija. Baada ya miezi 12, vipimo vya ukuaji wa akili havikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili, wala ukubwa wa ubongo. Matibabu yalishindwa kwa asilimia 35 upande wa kamera na asilimia 24 upande wa mrija, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Basi mtu atasema: mbinu iliyosifiwa sana haikuushinda mrija wa dola 35. Ni kweli haikuushinda katika akili ya mtoto ndani ya mwaka mmoja, na hospitali inastahili heshima kubwa kwa kukubali kuipima hadharani kazi iliyoipa jina. Lakini matokeo yanapolingana, kinachoamua ni kile kinachofuata baada ya mwaka huo. Upasuaji wa kamera ukishindwa, kwa kawaida hushindwa katika miezi ya mwanzo, mama akiwa bado anarudi kliniki na watu bado wanamfuatilia. Mrija unaweza kushindwa mwaka wa pili, wa tano au wa kumi, bila taarifa. Kwa familia inayoishi kilomita mia mbili kutoka kwa mpasuaji, matibabu hayo mawili hayalingani hata kidogo. Jaribio lilipima akili ya mtoto, halikupima umbali wa nyumbani kwake, na huo ndio uliokuwa msingi wa swali.

Kuhusu madai kwamba hii ni hospitali ya kigeni inayofanya kazi ya kigeni, jibu ni fupi. Daktari Mganda John Mugamba alijifunza upasuaji huo pale pale, akaushika baada ya Warf kuondoka, naye pamoja na wenzake kama Peter Ssenyonga na mtafiti Edith Mbabazi majina yao yamo kwenye jaribio la 2017. Wapasuaji kutoka nchi nyingine za Afrika na Asia wamekwenda Mbale kufundishwa. Kwa muda mrefu njia ya elimu ya udaktari ilitoka kaskazini kuja kusini. Katika jambo hili mbinu ilitoka Mbale ikaenda Boston.

Lipo pingamizi jingine ambalo linatoka kwa watu wanaowapenda akina mama hawa, na kwa hiyo linapaswa kusikilizwa kwa makini zaidi. Wanasema kumtukuza mama wa mtoto mwenye mahitaji maalumu ni njia ya kumwachia mzigo. Tukimwita shujaa, hatumuulizi baba yuko wapi, wala serikali ya wilaya inafanya nini, wala kwa nini majirani walinong'ona habari za laana na uchawi hadi akaacha kumtoa mtoto nje mchana. Hoja hii ni ya kweli, na nisingependa kuipunguza. Tatizo limo katika sifa inayoishia kwenye sifa. Rekodi ya Mbale yenyewe inaonyesha dawa yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu watoto waliofungwa mgongo wazi kusini mashariki mwa Uganda, zaidi ya thuluthi moja walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, ingawa upasuaji wao ulikuwa umefanyika vizuri. Aina ya matibabu ya kichwa haikueleza tofauti ya nani aliishi. Makazi yaliieleza: watoto waliotoka wilaya zenye huduma za utengamao katika jamii waliishi kwa kiwango kinachokaribiana na cha watoto wengine wa Uganda wasio na tatizo hilo.

Matokeo hayo hayashangazi ukijua siku ya mama huyo ilivyo. Mtoto wa mgongo wazi mara nyingi hana hisia miguuni, kwa hiyo kila jioni ni lazima nyayo, visigino na makalio yakaguliwe, maana kidonda kidogo alichopata akijikokota kwenye udongo hakitamuuma na kitaoza kimyakimya. Kibofu chake hakijimwagi chenyewe. Mkojo ukibaki unarudi nyuma na kuharibu figo, na figo ndizo zinazowaua wengi wakubwa. Mama hufundishwa kuosha mikono na kijimrija, kukiingiza taratibu, kusubiri mkojo uishe, kukitoa, kukiosha na kukihifadhi, mara kadhaa kwa siku, akiwa na jembe linalomsubiri na mtoto mwingine mgongoni. Huu ni ujuzi wa kiuguzi, na unafanywa na mtu asiye na mshahara wala likizo. Pale ambapo mfanyakazi wa jamii anapita nyumbani, anamkumbusha, anamletea mirija mipya na kuzungumza na mume wake, mtoto anaishi. Anapoachwa peke yake, ushujaa wake haupungui, lakini mtoto anakufa. Anayetaka kupata moyo kutoka kwa mama huyu basi aupate hapo: kwenye takwimu inayoonyesha kwamba akishikwa mkono kidogo tu, kazi yake huleta matokeo ambayo chumba cha upasuaji peke yake hakiyaleti.

Wengine husema, kwa sauti ya chini, kwamba nchi maskini haina budi kuchagua, na fedha za ubongo wa mtoto mmoja zingechanja watoto wengi. Hesabu ilifanywa kwa kutumia watoto waliotibiwa Mbale mwaka 2005: kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa uligharimu kati ya dola 59 na 126, gharama inayoketi pamoja na huduma nyingine ambazo hakuna anayeziita anasa. Lakini hata hesabu hiyo haifikii kiini cha jambo, kwa sababu inawatazama watoto kama gharama pekee. Watoto wa kwanza waliotibiwa pale wamefikia umri wa utu uzima. Wamo wenye ulemavu mzito wanaohitaji kulishwa, na wamo ambao usingejua bila kuona kovu. Wote wamewalazimisha walio karibu nao kujifunza kitu: shule ikalazimika kufikiria ngazi na choo, kliniki ya kijiji ikajifunza kupima kichwa, na mkunga akajifunza kwamba homa ya mtoto wa wiki mbili si jambo la kurudishwa nyumbani na panado. Mafunzo hayo huwafaa pia watoto ambao hawatawahi kukanyaga Mbale.

Kinachobaki sasa ni kinga, na hapo ndipo kipimo kilekile cha kuanzia kwenye maisha ya mama kinapaswa kutumika tena. Maambukizi ya ubongo yanaweza kupunguzwa kwa uzazi safi na kwa kutibu mapema homa ya mtoto mchanga. Mgongo wazi unaweza kupunguzwa sana kwa mwanamke kupata foliki asidi ya kutosha kabla ya kushika mimba, kwa kuwa uti wa mgongo hufunga ndani ya wiki nne za kwanza, wakati wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Vidonge vya kliniki ya wajawazito huwa vimechelewa. Ndiyo sababu nchi za Afrika Mashariki zimeweka sheria za kuongeza virutubisho kwenye unga wa viwandani. Sheria hizo ni nzuri, nazo zinamfikia anayenunua mkate na unga wa pakiti. Mwanamke wa miteremko ya Elgon anayekula matoke ya shambani kwake, mihogo, viazi vitamu na wimbi alilolisaga kwenye mashine ya kijiji hafikiwi na kiwanda chochote, na mpango wa kinga usioanzia kwenye chungu chake utaendelea kuwapeleka watoto Mbale.